Askari Huhesabiwa, Nyumba Yake Haihesabiwi

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Busia katika wiki ya Siku ya UKIMWI Duniani, mbele ya maofisa wa vyombo vya ulinzi, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wanafunzi

 

 Barua ya walionialika ilinitaka nizungumzie kinga na upimaji wa virusi vya UKIMWI kwa wanajeshi na familia zao. Nitatii, ila naomba ruhusa ya kupanua kidogo orodha ya wanaohusika. Hapa Busia na Malaba hatuna kambi kuu ya jeshi kama ya Lanet, Gilgil au Nanyuki. Tulio nao ni polisi wa kawaida, polisi wa utawala, polisi wa mpakani, maofisa wa uhamiaji, maofisa wa forodha na askari jela. Halafu wapo wanajeshi waliozaliwa Amukura, Nambale, Butula na Bunyala, walio kazini mbali, pengine Manda, pengine Somalia, huku wake zao, waume zao na watoto wao wakiishi nasi hapa. Wote hao jioni hii nitawaita askari. Watu wa forodha wasinikasirikie. Najua hawapigi paredi, lakini uhamisho wao na upweke wao ni uleule.

Nia yangu ni kuwaonyesha jambo moja. Mipango ya UKIMWI kwa askari ilibuniwa kwa kufikiria kambi: geti, zahanati, daktari mwenye cheo, na familia inayoishi ndani ya ua. Mpakani askari haishi hivyo. Kwa hiyo mpango unampata mtu mmoja na kuikosa nyumba yake, na ugonjwa huu ni wa nyumba. Nitaeleza kwa hoja tano. Baadhi ni ndefu, na moja ni fupi kwa sababu wahusika wake wameketi hapa mbele na hawahitaji maelezo mengi.

Hoja ya kwanza: tangu mwanzo alihesabiwa askari peke yake

Wengi mnakijua kisa hiki, kwa maana Rais Museveni mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Mwaka 1986, serikali yake ikiwa bado changa, Uganda ilipeleka askari 60 Cuba kwa mafunzo. Madaktari wa huko wakawapima. Septemba mwaka huo, marais wa nchi zisizofungamana na upande wowote walipokutana Harare, Fidel Castro alimwita Museveni kando akamwambia kuwa kati ya wale 60, 18 walikuwa na virusi. Karibu theluthi ya kikosi. Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza barani kulisema jambo hili hadharani, na mwaka uliofuata Noerine Kaleeba na wenzake wakaanzisha TASO, shirika ambalo hadi leo wagonjwa wa ng'ambo na hata wa upande wetu wanalijua kwa jina.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa uongozi, na ni haki yake. Lakini kisikilizeni tena kwa sikio la mwuguzi. Habari ilitoka kwa daktari ikaenda kwa rais wa nchi moja, ikatoka kwake ikaenda kwa rais wa nchi nyingine. Katika simulizi lote mwenye damu hana sauti. Na kila anayelisimulia hutaja 18 na 60. Sijamsikia hata mmoja akiuliza wale 18 walikuwa na wake wangapi, na watoto wangapi waliokuwa bado wananyonya.

Mtindo huo ulidumu. Januari mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliujadili UKIMWI. Ilikuwa mara ya kwanza baraza hilo kuketi kwa ajili ya suala la afya. Julai mwaka huohuo likapitisha azimio namba 1308, lililozihimiza nchi kuwapa askari wa kulinda amani mafunzo, ushauri nasaha na kipimo cha hiari na cha siri. Ni azimio jema. Kenya, ambayo vijana wake wamelinda amani nchi nyingi, ililihitaji. Ila macho yalikuwa kwa askari na kwa raia wa nchi anakopelekwa. Nyumba aliyoiacha ilikuwa pembeni ya picha.

Wapo pia watafiti waliochora ramani za miaka ya vita vya Kagera na vita vilivyofuata ndani ya Uganda, wakasema virusi vilifuata nyayo za majeshi. Sina ugomvi na ramani. Ugomvi wangu ni jinsi zilivyosomwa: kwanza mshukiwa alikuwa askari, kisha dereva wa lori, kisha mwanamke anayeuza pombe Malaba. Na mshukiwa, maafande mnajua kuliko mimi, kazi yake ya kwanza ni kujificha.

Niwape mfano wa upande mwingine. Mwaka 2007, jijini Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili na washirika wao wa Sweden walianza jaribio la chanjo ya virusi vya UKIMWI lililojulikana kama HIVIS. Waliojitolea kudungwa walikuwa 60, idadi ileile ya wale wa Cuba, na walitoka katika Jeshi la Polisi la Tanzania. Hawakuokotwa barabarani siku ile. Polisi wa jiji hilo walikuwa wamekwisha kushiriki katika uchunguzi wa afya tangu miaka ya tisini, wakaelezwa, wakauliza, wakazoeana na waliokuwa wakiwatoa damu. Chanjo ya kuuzwa dukani haikupatikana, ila swali moja lilipata jibu. Askari wa Afrika Mashariki hujitokeza kwa hiari yake, tena kwa sindano ambayo hakuna aliyejua matokeo yake, iwapo ameheshimiwa kwanza.

Hoja ya pili: mpakani hakuna geti

Hapa nitakaa kidogo.

Mwanajeshi wa Nanyuki akitaka kupima, kliniki iko ndani ya kambi. Akiugua sana, kuna Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi ya Ulinzi jijini Nairobi. Kwa miaka mingi mpango wa Marekani wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, ulisaidia majeshi ya nchi nyingi za Afrika kwa vipimo, dawa na mafunzo, na hapa Kenya watafiti wa taasisi ya jeshi la Marekani ya Walter Reed walioweka makao Kericho walikuwa sehemu ya kazi hiyo. Kamanda akitaka kikosi kizima kisikilize somo, filimbi moja inatosha.

Sasa mchukue konstebo aliyezaliwa Kitui, akapangiwa Malaba. Nyumba za laini ya polisi hazitoshi, basi amepanga chumba kimoja, huenda Amagoro, huenda kando ya barabara ya malori. Mkewe ni mwalimu kwao Kitui na hawezi kuacha darasa. Anamwona mara chache kwa mwaka. Mshahara wake unaingia kila mwezi katika mji ambao riziki ya wengi hutegemea lori limekwama au limepita. Ana miaka 29. Sisemi kwamba ana tabia mbaya kuliko mwalimu au mchungaji. Nasema kazi yake imepangwa kwa namna ambayo ingemjaribu mchungaji.

Huyu konstebo akitaka kupima aende wapi? Kuna hospitali ya rufaa ya kaunti hapa mjini. Kuna Kocholya kule Amagoro, kuna Alupe. Huduma zipo, tena nzuri. Ushirikiano wa AMPATH, ulioanzia Eldoret kati ya Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana, umeifikia kaunti hii kwa miaka mingi, na watu walipimwa hadi majumbani mwao. Tatizo ni benchi. Kwenye benchi la kliniki kuna kijana wa boda aliyemkamata wiki iliyopita, kuna mama muuza samaki anayemdai, kuna mlinzi anayemsalimu kwa kishindo, "Karibu afande!" Kila mtu mjini anajua mlango ule ni wa nini. Konstebo anageuza. Atakwenda Bungoma, au atavuka hadi Tororo ambako hana anayemjua, au atanunua kipimo duka la dawa na kukificha chini ya godoro.

Tuseme amejua hali yake na ameanza dawa Tororo. Vyema. Halafu amri ya uhamisho inakuja. Anatakiwa Mandera, na anaambiwa leo aripoti kesho kutwa. Miongozo ya matibabu inaruhusu mgonjwa ambaye virusi vyake vimetulia apewe dawa za miezi mitatu, hata sita, kwa hiyo njaa ya dawa haitampata mara moja. Ila faili imebaki nchi nyingine, na kule Mandera ataanza kujieleza upya mbele ya mtu asiyemjua. Wengi hapo ndipo huacha. Wauguzi walioko hapa huwaandika kwenye daftari kuwa wamepotea, na mtu hajapotea. Amehamishwa kwa amri ya serikali.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Mnamo 24 Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia. Humo ofisa wa Kenya na mwenzake wa Uganda huketi chini ya paa moja, na shehena hukaguliwa mara moja tu. Mchele una karatasi inayosomeka pande zote mbili. Ofisa anayeukagua hana.

Hata dereva wa lori alifikiriwa kabla yake. Marehemu Profesa Job Bwayo, mwana wa Magharibi hii, aliwapelekea madereva kliniki hadi kando ya mizani ya Athi River, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, wakati wengine walikuwa wakiwalaumu tu. Baadaye, kuanzia mwaka 2005, mradi wa ROADS wa shirika la FHI, kwa fedha za Marekani, ulileta vituo vya SafeTStop katika miji ya barabara kuu, Busia na Malaba zikiwemo: mahali pa kupumzika bila pombe, ushauri, kipimo, na vikundi vya akina mama vya kujipatia kipato. Wazo lilikuwa sahihi: huduma imfuate mtu anayetembea. Askari hakufukuzwa mlangoni, lakini vituo hivyo havikujengwa kwa saa zake wala kwa hofu zake, na hakuwa tayari kuketi meza moja na dereva ambaye asubuhi atamsimamisha.

Nidokeze jambo kwa wageni wetu waliovuka kutoka upande wa Uganda. Jeshi la Uganda limezungumza Kiswahili kwa muda mrefu kuliko raia wengi wa nchi hiyo. Kijitabu kizuri kikiandikwa hapa Busia kwa lugha hii, askari wa Tororo atakisoma bila mkalimani. Sioni kwa nini kila upande uchapishe chake.

Hoja ya tatu: amri hupata damu, haipati mgonjwa

Wako makamanda wema wanaoniuliza: "Mbona tusiwapime wote tu? Hili ni jeshi." Nawajibu kwa mambo matatu, la kwanza likiwa sheria. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006, katika kifungu cha 13, inakataza kumlazimisha mtu kupima ili apate kazi au aendelee nayo, ili aoe au aolewe, ili apate matibabu, na pia (hili watu wa mpakani tulikumbuke) ili aingie au atoke nchini.

La pili ni mahakama za nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2008 mahakama ya Pretoria iliamuru jeshi la Afrika Kusini liache sera ya kuwafungia mlango watu wenye virusi katika ajira na safari za nje. Mwaka 2010, mjini Livingstone, Mahakama Kuu ya Zambia iliamua kuwa wanaume wawili waliokuwa wa Jeshi la Anga walipimwa bila ridhaa yao na wakastahili fidia. Namibia ilikuwa imetangulia, mwaka 2000, kwa shauri la kijana aliyenyimwa nafasi jeshini kwa sababu ya kipimo hicho peke yake. Katika mashauri ya Afrika Kusini na Namibia swali lilikuwa lilelile: je, mtu huyu anaweza kufanya kazi? Miaka ya themanini jibu lilikuwa gumu, kwa kuwa hakukuwa na dawa madhubuti. Leo askari anayemeza kidonge chake kila siku hukimbia, hulenga shabaha na huishi hadi pensheni. Kamanda ana haki ya kujua kama askari wake anaweza kubeba bunduki. Hana haja ya kujua anameza nini saa tatu usiku.

La tatu hamhitaji mwanasheria kuwaeleza, maana mliliona. Januari 2022 Uganda ilidai kila dereva apimwe korona mpakani kwa dola 30. Madereva waligoma. Malori yalipanga foleni kwa makumi ya kilomita kutoka Malaba, watu wakalala chini ya trela, bei za petroli zikapanda Kampala, na hatimaye sharti likaondolewa. Nani alipimwa katika siku zile? Kipimo kilichogeuzwa kizuizi cha barabarani kilikwepwa kama kizuizi cha barabarani, na njia za panya mnazijua.

Tusidanganyane pia kuhusu neno hiari. Mkuu wa kituo akisimama kwenye paredi na kusema, "Kesho wauguzi wanakuja, kupima ni hiari, ila nataka niwaone wote," hapo hakuna aliyebaki na hiari. Ninachopendekeza si kigumu. Wauguzi watoke nje ya kikosi. Kipimo cha virusi kiwe kimoja kati ya vingi: presha, sukari, macho, mgongo uliochoka kwa kusimama barabarani, na akili iliyochoka kwa kuona maiti za ajali. Hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa maana afande hawezi kusema ana msongo wa mawazo, atasema anaumwa mgongo. Matokeo yasiandikwe popote penye namba ya kikosi. Na vifaa vya kujipima, ambavyo Kenya ilivizindua Mei 2017 pamoja na dawa ya kinga ya PrEP, viwekwe mahali ambapo mtu anachukua bila kuulizwa jina. Anayejipima na kukuta mistari miwili bado lazima athibitishwe kituoni. Kifaa kile ni hodi tu. Lakini anayepiga hodi amekwisha kutoka kwake.

Hoja ya nne: mke ndiye hupimwa kwanza

Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na virusi. Kaunti ya Busia ilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Na kati ya watano wanaoishi na virusi nchini, karibu mmoja hakujua. Wanaume walijua hali zao kwa kiasi kidogo kuliko wanawake. Sababu ya tofauti hiyo haina fumbo. Mwanamke akishika mimba huenda kliniki, na kliniki humpima.

Basi nyumba ya askari hupata habari kupitia tumbo la mke. Yeye yuko Butula, mume yuko Somalia. Mwuguzi anamwambia, "Mama, mlete baba." Amlete kutoka wapi? Amwambie kwa simu, usiku, mume akiwa na bunduki mkononi na wenzake kando? Wengi hunyamaza hadi likizo. Wakati wa likizo mume anafika na zawadi, watu wamejaa boma, na siku saba zinapita. Akisema, swali la kwanza atakaloulizwa ni "Umeutoa wapi?" kana kwamba aliyepima kwanza ndiye aliyeleta. Mama mkwe naye ana lake.

Nawaomba makasisi na maimamu mlifundishe hili kanisani na msikitini: kipimo cha mke si kipimo cha mume. Zipo nyumba nyingi ambamo mmoja ana virusi na mwenzake hana, kwa miaka. Na elimu ya leo inatuambia kitu ambacho mwaka 1999, Rais Moi alipotangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, hakuna aliyethubutu kukisema: mtu anayetumia dawa hadi kipimo kisione virusi katika damu yake hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Mwenzake anaweza kutumia PrEP wakati wakisubiri hali hiyo. Mtoto anaweza kuzaliwa mzima. Askari akiambiwa haya kabla ya kupima, mazungumzo ya simu yanabadilika.

Kuna waliodhani sheria ingewalazimisha wenye ndoa kuambiana. Kifungu cha 24 cha ile sheria ya 2006 kilijaribu, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikakibatilisha kwa utata wake na kwa kuingilia faragha. Nilikubaliana na uamuzi huo. Mwanamke wa Bunyala aliyetishwa na kifungo hasemi. Anaacha kwenda kliniki. Kinachosaidia ni mtu wa tatu, mshauri anayejua kumpigia simu mume kwa ridhaa ya mke, na anayejua likizo ni lini. Jeshi linajua likizo ni lini. Kliniki ya Khunyangu haijui. Barua moja kati yao, isiyo na jina la mtu, ikisema vijana wa kaunti hii watakuwa nyumbani wiki fulani, ingetosha kuwaweka washauri wa wanandoa tayari kwa jioni na Jumamosi.

Na tuseme ukweli kuhusu familia ni nani. Fomu ya bima ina nafasi ya mwenzi, na kwa kawaida huandikwa yule wa nyumbani. Malaba yupo mwingine, na pengine ana mtoto. Wapo pia maofisa wanawake, ambao waume zao huulizwa na majirani, "Mkeo yuko wapi?" na ambao mipango mingi imewasahau kwa kudhani askari ni mwanamume. Najua wazee wa kanisa hawatafurahi nikisema mpango umfikie na yule wa Malaba. Lakini virusi havisomi cheti cha ndoa, na anayetaka kumlinda mke wa Kitui hana njia ya kumruka mwanamke wa Malaba.

Hoja ya tano: afande mwenyewe ni mlango

Hii ndiyo fupi. Mwaka 2012 taasisi ya Open Society ilichapisha ripoti kuhusu nchi sita, Kenya ikiwemo, ambako polisi waliwanyang'anya wanaouza ngono kondomu au kuzitumia kama ushahidi dhidi yao. Afande anayefanya hivyo usiku Malaba amefuta kazi ya mwezi mzima ya mwelimishaji rika, na pengine amejidhuru mwenyewe na mkewe.

Tena ni kwenye dawati lake anakofika msichana aliyebakwa. Dawa ya kuzuia maambukizi lazima ianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Humezwa kwa siku 28. Hospitali kwanza, fomu ya polisi ya P3 baadaye. Afande akimwambia "rudi Jumatatu", saa zimekwisha. Na saa hizohizo 72 ni zake pia akichomwa na sindano kwenye upekuzi au akiloa damu ya majeruhi wa ajali. Ni wangapi kati yenu mliwahi kuambiwa hivyo chuoni? Sihitaji mikono.

Yanayokuja

Bwana Mwenyekiti, fedha zilizobeba kazi hii hazipo kama zilivyokuwa. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai mwaka huo shirika la USAID likafungwa. Mlioko kliniki mnajua washauri waliopoteza kazi na milango midogo iliyofungwa, hasa ile iliyowahudumia wanawake wa baa na vijana walioogopa hospitali kubwa. Wizara ikaziagiza kaunti zichanganye huduma za virusi na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Wengi wameomboleza kuchanganywa huko, na kwa baadhi ya wagonjwa ni hasara ya kweli, kwa kuwa mwuguzi aliyewajua kwa majina ameondoka. Kwa askari nina maoni tofauti. Mlango unaojulikana mji mzima ukiondoka, anabaki kuwa mtu mmoja kwenye foleni ya malaria na presha. Kaunti ikimlinda kwa faragha chumbani, na si kwa kibao mlangoni, huenda akaja kwa mara ya kwanza.

Dawa nazo zinakuja kwa umbo linalomfaa. Mwaka 2024 jaribio la sindano ya lenacapavir kwa wanawake wa Uganda na Afrika Kusini lilionyesha kuwa kati ya waliodungwa mara moja kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa kinga mwaka 2025, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Fikirieni maana yake kwa mke anayengoja likizo mbili kwa mwaka, na kwa konstebo ambaye hataki chupa ya vidonge ionekane chumbani. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba shehena zikifika, askari na wenzi wao wamo katika hesabu ya kaunti, kwa sababu leo kaunti hudhani wamo katika hesabu ya jeshi, na jeshi hudhani wamo katika hesabu ya kaunti.

Nimewaomba waandaaji wawaalike makamanda wa hapa, wakuu wa afya wa kaunti na wenzao wa Tororo na Busia ya Uganda waketi meza moja kabla ya msimu ujao wa uhamisho. Ajenda niliyowaandikia ina mambo matatu. Askari anayehamishwa apewe angalau siku tatu za kufika kliniki, bila kutaja sababu. Kuwe na muhtasari mfupi wa matibabu ambao mgonjwa mwenyewe anaubeba na ambao kliniki za pande zote mbili zimekubali kuupokea. Na jioni mbili za wanandoa kila Desemba na kila Aprili, Kocholya na Alupe, taa zikiwa zimewaka hadi saa mbili usiku. Hakuna hata moja linalohitaji mfadhili mpya. La pili ndilo litakalobishaniwa zaidi, na ningependa tulianze nalo.

Nimemaliza upande wangu. Naona mikono imekwisha kuinuka hapa mbele, lakini kwa ruhusa yako, Mwenyekiti, kipaza sauti kianzie kule nyuma walikoketi kina mama wa laini ya polisi, maafande watafuata.